Mfuko wa mbegu una picha ya dume la kulungu la pembe kubwa, ndani raigrasi, nyasi tu. Nimepigwa!

Wakuu, leo sina salamu.

Nusu ekari pembeni mwa msitu nimeilima mwenyewe, ya kuwavuta kulungu ninaowawinda. Chokaa nilimwaga mwaka mmoja kabla, maana udongo ulikuwa na uchachu mno, pH 5.4, na chokaa haifanyi kazi kwa wiki mbili kama wengi wanavyodhani, inataka miezi. Halafu nikanunua mbegu mchanganyiko, mfuko umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni chakula cha kulungu wa mkia mweupe mwisho wa msimu wa uwindaji.

Januari nimekaa juu ya jukwaa la kuvizia jioni nne mfululizo. Theluji, shamba jeupe pe, hakuna hata unyayo. Kulungu wote wako kwa jirani aliyeacha soya yake bila kuvuna, wanakwanyua maganda yaliyosimama juu ya theluji.

Ndipo nikaokota mfuko nikasoma kile kilebo cha nyuma. Sheria ya mbegu ya Marekani ya 1939 inawalazimisha waandike, basi wameandika, herufi za kusomwa na siafu. Raigrasi asilimia 41. Vitu visivyoota, yaani ule udongo wa rangi waliopaka mbegu, asilimia 34. Tanipu na figili, mboga za mizizi ambazo ndizo nilizozifuata, hata 10 hazifiki. Mbuzi kwenye gunia!

Na msichanganye: raigrasi si rai ya nafaka. Rai ile ya kusaga unga huota hata baridi ikiwa imeshaanza. Raigrasi ni nyasi ya malisho, imelala chini ya theluji, na mwakani itajiotea yenyewe mpaka niichoke.

Kinachoniuma zaidi ni maelekezo. Eti "panda wakati wowote kabla ya baridi". Wakati wowote?! Tanipu inataka siku 60 hadi 90 kabla ya jalidi, ule umande wa kuganda, ili itie kiazi. Jalidi ikishapiga ndipo majani yanapokuwa matamu, na kulungu aliyekonda baada ya kupandana anayarukia. Mimi nilitii mfuko, nikapanda katikati ya Septemba. Zile chache zilizoota zilikuwa na majani kama kijiko cha chai.

Nikawapigia wauzaji. Jibu: labda kulungu wako hawajazoea tanipu. Hawajazoea! Sawa, sehemu nyingine huchukua mwaka au miwili kuzizoea, lakini utazoeaje chakula ambacho hakikuandaliwa? Nina kizimba cha waya katikati ya shamba, kulungu hawafikii majani ya ndani, ili nilinganishe. Majani ya ndani na ya nje urefu ni ule ule. Hakuna aliyeonja.

Mwakani nanunua tanipu tupu, nitapanda Agosti mapema, kiasi cha kilo mbili na nusu kwa ekari, na ngano kando. Mwenye kujua zinakopatikana zisizopakwa udongo aseme.

Na wewe unayekuja kuandika "ungesoma lebo kwanza", nimeshajiambia mwenyewe. Pita uzi mwingine.