Yule mchambuzi wetu kaona "gin", ile pombe kali, kaandika JINI!!!

Wakuu, nina hasira mpaka kope zinawasha. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Muhtasari wake wa Jane Eyre mmeusoma? Eti Grace Poole, mlinzi wa Bertha, yule mke kichaa wa Rochester aliyefichwa, "alikuwa na jini chumbani". JINI! Chupa ya pombe jamaa kaiotesha pembe na kwato!

Riwaya ya Uingereza, 1847, mle hamna ubani wala mganga. Grace analipwa kumlinda Bertha ghorofani. Anapiga gin na maji, analala fofofo. Bertha anamchomolea funguo mfukoni, huyoo, katoka. Ndiyo maana kitanda cha Rochester kinawaka moto, ndiyo maana shela la Jane, mchumba wa Rochester, linachanwa vipande viwili na kukanyagwa, harusi keshokutwa. Ondoa chupa uone kama mlango utafunguka! Sasa ukiweka jini, funguo za nini? Si lipite tu ukutani?

Kisha kamalizia: "Mapenzi yalimpandisha." Jini, wakuu. Jini!

KitasaKibovu: Mleta uzi kunywa maji. Na wewe mwezi mzima ulidhani Poole ni bwawa la kuogelea 😂

BintiForodhani: Hilo jini linadai kombe au limau na barafu?

Mzee_wa_Kurasa: Afadhali nyie. Ile hadithi ya Gilman, mwandishi Mmarekani, ya 1892, ya karatasi ya njano ukutani, kaandika "mume alimpumzisha mkewe kwa mapenzi". Mapumziko gani, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni, madirisha yana nondo, kuandika marufuku! Mwishoni mume anazimia, mke anatambaa akimpanda juu kila akifika pale. Yeye kaandika "wakapatana".

KitasaKibovu: Wakapatana 😂😂 ngoja nikae chini.

Mleta uzi: Msitoke kwenye mada. JINI!

Fundi Rangi: Huyo mke alibanduaje hizo karatasi? Za siku hizi zinagoma.

Mzee_wa_Kurasa: Alivuta kavu kavu. Yeye anavuta, yule mwanamke anayemwona ndani ya karatasi anatikisa, wanapokezana. Kabla hakujakucha yadi kadhaa zilishatoka.

BintiForodhani: Usimwige. Ichanechane kwa wembe maji yapenye, lowesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, iache gundi ilegee, kisha kwangua kuanzia chini. Ukivuta kavu unaondoka na plasta.

Fundi Rangi: Na ikitikisika yenyewe kwa ndani?

KitasaKibovu: Muulize mleta uzi, jini liko kwake.