Mjadala: Akili mnemba (AI) ikiingia ofisini, karani na mhasibu wanabaki na kazi gani?

Mleta Hoja: Wakuu, tuliweke hili mezani. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu na kuandika kama mtu, itoke Novemba 2022, watu wanatangaza mwisho wa kazi za ofisini. Swali langu: zipi zinaondoka, zipi zinabaki, na anayeanza kazi leo ajifunze nini? Mimi naona barua za kawaida na kufupisha ripoti vimeshakwenda. Hata kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, kazi ambayo ni kunakili tu, sioni kwa nini mtu aendelee kulipwa kwa hiyo.

Kalamu Nyekundu: Kunakili tu? Umekosea, mkuu, na umekosea vibaya. Daftari linasema hivi, benki inasema vile, na mtu analipwa kueleza kwa nini. Unaanza kwa kutia alama vinavyofanana pande zote mbili. Vinavyobaki ndiyo kazi yenyewe: hundi zilizotolewa ambazo hazijafika benki, pesa iliyopelekwa siku ya mwisho wa mwezi, makato ya benki ambayo daftari haliyajui, hundi iliyorudi kwa kukosa pesa. Mbili za kwanza zinarekebishwa upande wa benki, mbili za mwisho upande wa daftari. Weka makato ya 50 upande usio wake, tofauti inakuwa 100 badala ya kuisha. Huko ni kunakili?

Msimbo: Taratibu ulizozitaja zinaandikika, na kinachoandikika kinafanywa na programu. Kutia alama kwa kulinganisha kiasi, tarehe na namba ya hundi, programu za uhasibu zilianza kabla hata ya akili mnemba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walishasema 47% ya ajira duniani zitapotea. Tusijidanganye.

Jicho Kali: Takwimu hiyo umeikata kichwa na miguu. Frey na Osborne, ndio hao watafiti wa Oxford, 2013, waliizungumzia Marekani peke yake, na walisema 47% ya ajira ziko kwenye hatari kubwa ya kuweza kufanywa na kompyuta. Kuwezekana ni kitu kimoja, kutokea ni kingine. Geoffrey Hinton mwenyewe, mmoja wa waasisi wa akili mnemba ya leo, alisema mwaka 2016 kwamba tuache kufundisha madaktari wa kusoma picha za mionzi, eti miaka mitano inatosha. Miaka mitano ilishapita na madaktari hao bado wanaajiriwa.

Msimbo: Sawa, kwenye "duniani" nimeteleza. Hoja yangu iko palepale.

Kalamu Nyekundu: Mimi sijamaliza na hilo neno "kunakili". Tofauti ni 900. Mwenye kazi yake anaigawa kwa 9 kabla ya kufungua ukurasa wowote. Ikigawanyika bila baki, anatafuta kwanza tarakimu zilizopinduliwa, maana kupindua huko daima huacha tofauti inayogawanyika kwa 9: 5,400 imeandikwa 4,500. Tofauti ikiwa 1,240, haigawanyiki kwa 9, basi anaigawa kwa 2 na kutafuta 620 iliyoingizwa upande usio wake. Sasa iambie mashine inayopiga soga, kama ChatGPT, "hakikisha zinalingana". Inaweza kukuwekea mstari wa "marekebisho 900", safu zikafunga vizuri, na kosa likabaki humo ndani limefunikwa blanketi.

Msimbo: Kosa hapo ni la aliyeiagiza. Modeli ya lugha, ndiyo injini ya mashine hiyo, inakisia neno linalofuata, haijumlishi kama kikokotoo. Usiipe mistari 300 ikujumlishie. Iambie iandike fomula ya kuweka kwenye jedwali la hesabu la kompyuta, na fomula ndiyo ijumlishe. Kisha hesabu mistari: imeingia 300, imetoka 297, unasimama hapohapo. Kwenye ankara zilizopigwa picha ni hivyohivyo. Mashine inasoma 1 kama 7, nukta kama koma, 1.250 inageuka 1,250. Dawa yake ni kuzidisha upya idadi kwa bei katika kila mstari, halafu mistari yote pamoja na kodi ilingane na jumla ya chini. Mstari usiokubali, fungua ankara yenyewe kwa macho.

Jicho Kali: "Kwa macho." Macho ya nani, mkuu?

Dada wa Masijala: Mmeng'ang'ania hesabu kana kwamba ofisi ni uhasibu peke yake. Tazameni muhtasari wa kikao. Mjumbe mmoja anapendekeza, wengine wananyamaza, wanahamia ajenda nyingine. Mashine inaandika "wajumbe waliazimia". Palitakiwa "ilipendekezwa". Neno moja hilo, na mtu wa malipo akilisoma anatoa pesa. Tena wawili wakisema kwa pamoja, maneno ya huyu anabebeshwa yule. Anayekagua lazima awe alikuwepo kikaoni, au asikilize upya kila mahali penye azimio, kiasi cha pesa au jina.

Mleta Hoja: Nakubali neno lilikuwa kali. Lakini yote mnayoyataja ni ukaguzi. Makarani watano wanaondoka, anabaki mkaguzi mmoja.

Kalamu Nyekundu: Halikuwa kali, lilikuwa kosa. Sema hivyo.

Mleta Hoja: Lilikuwa kosa. Haya, nijibu kuhusu wale wanne.

Jicho Kali: Shirika la Kazi Duniani, 2023, liliona kazi za ukarani ndizo zilizo wazi zaidi kwa teknolojia hii, ingawa likasema ajira nyingi zitasaidiwa kuliko kufutwa. Mimi kinachonikosesha raha ni huyo mkaguzi mmoja. Atatoka wapi? Anayejua maana ya 900 alijifunza kwa kutia alama maelfu ya mistari. Mkiwaondoa wanaoanza, miaka kumi ijayo mtaweka saini chini ya karatasi ambazo hakuna anayeweza kuzisoma. New York, 2023, mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Jaji aliwaadhibu mawakili, akiwemo aliyetia saini.

Msimbo: Basi anayeanza afundishwe kwa makusudi. Kila robo mwaka mwezi mmoja aulinganishe kwa mkono, kisha aweke kazi yake kando ya ile ya mashine.

Mleta Hoja: Mwajiri gani atalipia siku mbili za kazi ambayo mashine imeshaimaliza?

Kalamu Nyekundu: Yule anayetaka kujua kama mashine imeimaliza kweli. Na usimpe mwezi safi. Mwekee makosa matatu: tarakimu zilizopinduliwa, ankara iliyolipwa mara mbili kwa namba tofauti, na makato yaliyoingizwa upande wa benki. Ipe mashine faili hilohilo. La pili ndilo la kuliangalia kwa makini, kwa sababu malipo yote mawili yako benki na daftarini, na hapo kila safu inafunga.