Draya ya friji au ya chembe kwa gereji ya rangi?

Kwerekwe_Rangi: Assalaam aleikum. Hewa ya kompresa yangu inatoka na maji, rangi inafanya malengelenge. Pesa inatosha draya moja ya kukausha hewa: ya friji inayoipoza, au ile ya chembe za kunyonya unyevu. Masika hayo yanakuja. Ipi bora?

FundiHewa: Waaleikum salaam. Kompresa ya pistoni au skrubu? Lita ngapi kwa dakika? Tangi je? Fezi moja au tatu? Sema kwanza, sheikh.

MamaSprei: Chukua ya friji. Kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu unaanza kugeuka maji, kinashuka hadi nyuzi 3 hivi, kwa magari inatosha. Ya chembe inafika -40, lakini isiyo na hita inakula kama asilimia 15 ya hewa yako kwa kujikausha yenyewe.

MtuWaWete: Friji, hapana. Gereji niliyofanya kazi Chake Chake, tajiri alileta mpya, fundi akaiunga papo hapo na mdomo wa kompresa ya pistoni. Bomba hulishiki kwa moto, na kibandiko cha draya kinataka hewa ya nyuzi 35! Feni inazunguka, taa inawaka, kila kitu kizima. Wiki haikwisha, boneti nyeusi ya mteja ikajaa vipele. Tukitumbua kimoja kwa kucha, tone la maji. Gari ikapigwa msasa upya mpaka bati, mteja kasimama anatutazama. Tangu hapo mimi ni chembe tu.

MamaSprei: Aliyeharibu ni fundi, draya haina kosa! Kompresa, tangi, filta, ndipo draya. Hewa inapoa tangini, maji yanabaki chini, unayamwaga.

FundiHewa: Na filta ya mafuta baada ya draya. Macho ya samaki, vile vishimo vya duara kwenye rangi, mara nyingi ni mafuta, draya haiyaondoi.

MtuWaWete: Na umeme ukikatika ukarudi hapo hapo? Draya inaungua.

MamaSprei: Gadi ya friji ipo madukani, inachelewesha kuwaka.

Kwerekwe_Rangi: Pistoni, tangi lita 200, fezi moja. Lita kwa dakika pamefutika. Mabomba ni PVC.

FundiHewa: PVC ng'oa kabla ya yote! Ikipasuka inarusha vipande. Kisha funga vali, jaza tangi tupu hadi baa 7. Hizo ni 200 mara 7, lita 1,400 za hewa, gawa kwa dakika zilizopita upate lita kwa dakika.

MtuWaWete: Mimi bomba natumia shaba.

MamaSprei: Shaba kwa bei ya sasa? Chuma cha zinki kinatosha.

MtuWaWete: Kwa chumvi ya huku? Hakidumu hicho.