Mrejesho: Magome hadi Tsumago kwa miguu

Niliuliza njia ya kale ya Nakasendo, kipande cha kati ya vijiji vya Magome na Tsumago kule Japani, ianziwe upande gani na nibebe nini. Asanteni sana mlionijibu. Mambo yako hivi.

Anzia Magome. Ni kama kilomita 8, saa tatu kwa mwendo wa kawaida. Magome iko juu zaidi, kwa hiyo unapanda kidogo hadi takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, kisha ni mteremko. Ukianzia Tsumago, mlima wote ni wako. Treni inakushusha stesheni ya Nakatsugawa, halafu basi la karibu nusu saa hadi Magome. Njiani kuna kengele za kufukuzia dubu. Zipige kwa nguvu kweli.

Beba yen taslimu. Maduka hufunga mapema, kwenye saa kumi na moja jioni, kwa hiyo chakula cha usiku kiagize kabisa unapoweka nafasi ya kulala, la sivyo utalala njaa.

Ndara ndizo huwachanganya wageni. Kwenye nyumba ya kulala wageni, viatu vinabaki mlangoni, unavaa ndara za ndani. Ukifika kwenye mkeka wa tatami, hizo nazo zivue. Chooni kuna ndara zake, usitoke nazo. Na bafuni, oga kwanza pembeni, ujisuuze sabuni yote iishe mwilini, ndipo uingie kwenye maji ya moto: wenzako wanatumia maji hayohayo.