Kilio cha usiku kimekatazwa: sheria inalinda majengo tu?

Mwana wa Kadutu
Wandugu, niko Bukavu, mashariki ya Congo. Katika familia yetu mtu akifa, tunalala kilioni. Wamama wazee wanaimba kwa Mashi, lugha yetu. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na usiku wa manane wanataja ukoo wa marehemu mpaka mababu ambao sisi wajukuu hatuwajui. Ukitaka kujifunza, unakaa nyuma yao hadi alfajiri, hakuna njia nyingine. Tangu vita ifike mjini kuna amri ya kutotoka usiku, giza likiingia kilio kimeisha. Shangazi yangu tumemzika hivyo hivyo. Nilipouliza nikajibiwa: "Kwani kanisa lenu limebomolewa?" Kweli sheria inajua mawe tu?

Avoka wa Ibanda
Pole kwa msiba, ndugu. Huyo aliyekujibu alishika Mkataba wa Hague wa 1954, ule wa majengo, sanamu na vitabu. Hata kesi ya Timbuktu, kule Mali, iliyohukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) mwaka 2016 ilihusu makaburi ya watakatifu na mlango wa msikiti. Wewe shika kifungu cha 15 cha Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni. Congo imo tangu 1976. Kinacholindwa pale ni mtu: haki yake ya kushiriki utamaduni wake. Kifungu cha 17 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kinasema vilevile, na mkataba huo hauna kipengele cha kusimamisha haki wakati wa vita.

Muzee wa Bagira
Vita ni vita, mwanangu. Nani atasoma vifungu mbele ya bunduki?

Avoka wa Ibanda
Muzee, mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Congo dhidi ya Uganda, ilisema haki za binadamu zinaendelea hata vitani. Lakini fidia ilipangwa 2022, miaka kumi na saba baadaye, kwa hiyo siwezi kukubishia sana.
Mwana wa Kadutu, amri ya usiku yenyewe inaweza kuwa halali kama risasi zinalia kweli. Isiwe tu bila sababu wala mwisho. Andikeni tarehe, nani alizuiwa, nini hakikufanyika. Ombeni pia ruhusa wamama walale kilioni ndani ya uzio.

Mwana wa Kadutu
Aksanti. Wamekubali kuimba mchana, ila wimbo wa mababu wameukataa kabisa, eti jua likiwaka hauimbwi. Huo nao niuandike?

Avoka wa Ibanda
Anza na huo.