Maporomoko ya mawe uani yanakula maji, sm 4 kwa siku. Nibadilishe turubai?

uani_mbezi: Wakuu, naomba ushauri. Bwawa lina urefu wa mita 3, upana 2, kina sm 60, chini kuna turubai zito la bwawa. Maporomoko yana kimo cha mita 1.2, mdomo wa juu upana sm 30, mawe yamejengwa kwa saruji juu ya udongo mtupu. Pampu imeandikwa lita 4,000 kwa saa, bomba nusu inchi. Maji yanapungua sm 4 kila siku, na huko juu yanachuruzika tu.

fundi_kokoto: Turubai usiliguse kwanza. Sm 4 kwenye bwawa hilo ni lita 240. Jua halinywi kiasi hicho. Hata likinywa milimita 5 kwa siku, ni lita 30 tu. Zima pampu saa 24, chomeka kijiti chenye alama usawa wa maji. Yakibaki palepale, yanatorokea kwenye maporomoko. Yakishuka kisha yakagota, tundu liko kwenye mstari huohuo, lizungukie kwa kiganja.

Ila nina wasiwasi na hiyo saruji. Udongo ukilowa unatitia, saruji inapata nyufa nyembamba kama unywele, maji yanapita nyuma ya mawe wala huyaoni. Kupaka saruji nyingine juu ni kupoteza hela.

bomba_moja: Pampu nayo ni ndogo. Pima kimo kuanzia pampu ilipo, siyo mita 1.2.

fundi_kokoto: Hapana mkuu, kimo hupimwa kuanzia uso wa maji. Kinachomkaba ni bomba la nusu inchi. Kinga ndoo ya lita 20 pale juu, hesabu sekunde.

uani_mbezi: Nimejaribu yote. Pampu ikizimwa maji hayashuki kwenye alama ya kijiti. Ndoo imejaa kwa sekunde 48.

fundi_kokoto: Basi turubai ni zima, na unapata lita 1,500 kwa saa. Ili maji yashuke kama pazia, kila sm 1 ya mdomo inataka kama lita 150 kwa saa. Mdomo wako unataka 4,500, na hiyo pampu haifikishi kwa kimo hicho. Weka bomba la inchi moja na nusu, punguza mdomo hadi sm 15, kisha rudia ndoo: ikijaa kwa sekunde 32 inatosha.

Maporomoko bomoa. Shindilia udongo, tandika zulia kuukuu, halafu kipande kimoja cha turubai ngazi kwa ngazi. Mwisho wake wa chini ulalie ndani ya bwawa sm 30, pembeni uinuke sm 10 kuliko maji. Anza na mawe makubwa. Jiwe la mdomo litokeze sm 5 na liinamie mbele kidogo. Likilala bapa, maji yanarudi yakitambaa chini ya tumbo lake hadi nje ya turubai. Mianya ya nyuma jaza povu la kupuliza, lisilo na madhara kwa samaki.

yungiyungi: Na umeme wa pampu upite kwenye swichi ya usalama ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja, kabla hujatia mkono majini.

uani_mbezi: Asanteni. Nina mawe ya matumbawe yamebaki, niyatumie?

yungiyungi: Dondoshea siki. Yakitoa mapovu yana chokaa, yatapandisha pH (kipimo cha uasidi wa maji) na kuacha ukoko mweupe. Panga ukingoni pakavu, ndani tumia mawe ya mto.