8x42 au 10x42? Darubini ya kuwindia kwenye miombo

Kijana wa Itigi

Wakuu, habari za jioni. Natafuta darubini ya mdogo wangu anayeanza kazi ya usaidizi kwa mwindaji bingwa, kitalu cha uwindaji kiko upande wa Rungwa. Msimu unafunguliwa Julai. Bajeti ni milioni moja, isizidi. Nimechuja nimebaki na nne: Nikon Monarch M5 8x42, Vortex Diamondback HD 10x42, 8x32 yoyote iliyo nyepesi, na moja ya dukani iliyoandikwa 20-180x100 ambayo ndiyo rahisi kuliko zote. Dogo anavaa miwani na atatembea sana kwa miguu. Ipi ni ipi?

Fundi Lenzi

Hiyo ya 20-180x100 itoe kabla hatujaanza. Namba ya kwanza ni mara inavyokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Chukua rula upime kioo cha mbele: kwa darubini za aina hiyo ni kawaida kukuta milimita 30 au pungufu, wakati ubavuni pameandikwa 100. Na hata ingekuwa 100 kweli, gawanya 100 kwa 180 upate mwanga wa upana wa nusu milimita unaoingia jichoni. Utaona giza tu, tena giza linalotikisika.

Hesabu hiyohiyo ifanye kwa zilizobaki. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. 8x42 inatoa duara la mwanga la milimita 5.25, 10x42 inatoa 4.2, 8x32 inatoa 4. Saa sita mchana mboni ya jicho imejifunga hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo zote tatu zinalingana. Tofauti inajitokeza kunapopambazuka na jua linapozama, mboni ikishafunguka kufikia 5 au zaidi. Na hizo ndizo saa ambazo mnyama yuko nje.

Mbogo Mzee

Nakazia ya Fundi. Kwa miombo jibu langu ni 8x42, sina mjadala mrefu.

Kwenye miombo mnyama humwoni mzima. Unaona sikio, mkia unaopunga, au mstari wa mgongo uliolala wakati matawi yote yamesimama. Mita 60 hadi 120, ndani ya kivuli. Ukikuta kundi la nyati, kazi ya darubini ni kuangalia pale pembe mbili zinapokutana juu ya paji. Dume aliyekomaa pale kati pamefunga, pamekuwa pagumu, pana mikwaruzo na manyoya yamekwisha. Dume kijana bado ana ufa wenye ngozi laini na manyoya, hata kama pembe zimetanuka vizuri zikakudanganya. Ule ufa hauoneki kwa kukuza sana. Unaoneka kwa kioo safi kinachopenya kivuli, na kwa mkono uliotulia. Ukishatembea kilomita 6 unahema, mara 10 inakuza na mtikisiko wako mara 10.

Simba ndiyo usiseme. Kanuni za Tanzania zinataka dume asiwe chini ya miaka 6, na umri wake unausoma kwenye manyoya ya shingo, rangi ya pua na makovu ya uso. Picha ikicheza, unabahatisha.

Longido Kavu

Mbogo Mzee, heshima yako, lakini usifanye Tanzania yote kuwa miombo. Huku Longido na Natron swala granti anasimama mita 400 na hakuna hata kichaka. Swala twiga ukimwona umechelewa. Huku 10x42 ndiyo darubini, unaketi chini, viwiko juu ya magoti, unachambua nchi kipande kwa kipande.

Halafu kuna jambo watu wanalisema kwa mazoea: eti ya mara 8 siku zote inaona eneo pana zaidi. Kwa hizi mbili alizotaja Kijana si kweli. Monarch M5 8x42 inaonyesha upana wa mita 112 hivi kwa umbali wa mita 1000. Diamondback HD 10x42 inaonyesha kama 110. Ni sawasawa. Anayetaka upana kweli aangalie Diamondback HD 8x42, hiyo inafika 131.

Fundi Lenzi

Hapo umeniwahi, namba ni sahihi. Ila wewe mwenyewe unajua kuwa kuanzia saa nne asubuhi, nchi wazi ikishapata joto, mazigazi yanapanda na ya mara 10 inakuza yale mawimbi pamoja na mnyama. Faida ya mara 10 huko ni ya saa za baridi tu.

Longido Kavu

Ni kweli. Saa hizo unahamia kivulini unasubiri jioni.

Bi Darubini

Jamani, mmeandika yote hayo na hakuna aliyegusa miwani ya dogo, wakati hiyo ndiyo inayoamua.

Mvaa miwani hawezi kusogeza jicho karibu na kioo. Kwa hiyo angalia umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi na bado likaona duara lote. Mwenye miwani anahitaji milimita 16 au 17 kwenda juu. Monarch M5 8x42 ina 19.5. Diamondback HD 8x42 ina 17. Diamondback HD 10x42 ina 15, yaani zile mita 110 za Longido Kavu dogo hatazipata zote, kingo zitakatika. Vikombe vya macho, zile pete za mpira unapoweka jicho, avishushe hadi mwisho, asiviache vimepanda.

8x32 inapunguza labda gramu 100 hadi 150. M5 8x42 ni gramu 630 hivi. Uzito unaomchosha mtu ni ule wa mkanda mwembamba unaokata shingo, basi anunue mkanda wa kuvuka mgongoni unaoshika darubini kifuani. Haitapigapiga akiinama wala haitagonga mtutu wa bunduki. Kwa hiyo 8x32 naiweka kando, anapoteza mwanga wa alfajiri kwa faida ambayo mkanda unaitoa.

Kijana wa Itigi

Asante sana dada. Sasa dukani nitajuaje kama ni nzima na si feki? Na zile zenye leza ya kupimia umbali?

Fundi Lenzi

Kwanza, ielekeze kwenye taa ya dari utazame mwakisiko ndani ya vioo. Ukiona rangi ya kijani au zambarau iliyofifia, kioo kina utando wa kupunguza mwakisiko. Ukiona taa nyeupe kabisa, kuna kioo kilichoachwa bila utando na mwanga unapotea hapo. Vioo vyekundu vinavyong'aa mbele, vile vya kuvutia macho, achana navyo.

Pili, ishike mbali na uso, sentimita 30, uelekeze kwenye anga. Yale maduara mawili ya mwanga yawe duara kweli. Yakiwa na kingo zilizokatwa kama mraba, prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyogeuza picha, ni za kioo hafifu.

Tatu, na hili wengi hulisahau: toka nje utafute waya wa umeme au ukingo wa paa ulio mbali. Fokasi, kisha sogeza darubini mbali na macho taratibu. Mstari wa kushoto na wa kulia ubaki katika kimo kimoja. Ukipishana, mirija haiko sambamba, na kichwa kitauma ndani ya dakika 10. Darubini iliyoanguka huwa hivyo hata kama nje haina mkwaruzo.

Ya leza kwa milioni moja hupati yenye kioo kizuri, na kwenye miombo mwali unagonga nyasi za mbele unakupa mita 23 badala ya 90. "Mita 2000" inayoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa kitu kinachoakisi vizuri. Ngozi ya mnyama hairudishi hivyo.

Mbogo Mzee

Akishaipata airekebishe kwa macho yake, akiwa amevaa miwani yake. Afunike kioo cha mbele cha kulia, afokasi kwa gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Halafu afunike cha kushoto, na bila kugusa gurudumu azungushe pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Pale ilipotua aweke alama ya rangi ya kucha, maana bosi akiiazima tu inarudi imezungushwa.

Bi Darubini

Na dawa ya mbung'o. Zile zenye DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, zinayeyusha plastiki na kulainisha mpira wa darubini mpaka unanata. Apake kwa kiganja cha kushoto, ashike darubini kwa cha kulia, au anawe kwanza. Vumbi la gari asilifute kwa shati: apulize kwa kipulizio cha mpira, apitishe brashi laini, ndipo kitambaa. Na isiachwe juu ya dashibodi.

Kijana wa Itigi

Basi nabaki na 8x42 mbili, Monarch na Diamondback. Kesho naenda na dogo azijaribu mwenyewe.

Longido Kavu

Nendeni saa kumi na mbili jioni kama duka bado liko wazi. Mchana zote ni nzuri.